Ndugu Wawili wa Adili: Mafundisho Juu ya Husuda



Nimeona vema safari hii tutafakari pamoja juu ya dhambi moja ambayo kila mmoja wetu anaijua sana kwa jirani yake, lakini ni shida kumpata mtu anayeijua kwake mwenyewe. Dhambi hiyo ni husuda.

Sikilizeni maombi yanayoletwa tunapokutana kusali. Mama mmoja husema, "Niombeeni, nyumba yangu imezungukwa na mahasidi." Kijana mwenye kiduka husema, "Niombeeni, biashara yangu imeonewa kijicho." Mzee husema, "Niombeeni, mikorosho yangu inatazamwa vibaya." Nao hufanya vizuri kuomba. Lakini katika umri wangu wote sijapata kumsikia mtu akisimama na kusema, "Niombeeni, ndugu zangu, maana hasidi ni mimi."

Hapo pana hesabu isiyokubali. Kama sisi sote tunahusudiwa, wanaohusudu ni akina nani? Je, hutoka mji mwingine usiku na kurejea kwao kabla jogoo hajawika? Mwalimu akiikuta hesabu ya namna hiyo katika daftari la mtoto, humrudishia aifanye upya. Nasi tuifanye upya. Jibu lake ni moja tu: yule anayehusudiwa Jumatatu ndiye anayehusudu Jumanne.

MANENO YENYEWE

Kwanza tuyatenge maneno, maana watu huyachanganya.

Wivu si mbaya kila mara. Mume na mke wana wivu juu ya ndoa yao, na Maandiko hayaoni haya kusema kwamba Mungu mwenyewe ana wivu juu ya watu wake (Kutoka 20:5). Tena uko wivu wa kutenda mema. Nikimwona jirani yangu amepalilia mapema, nami kesho nikaamka alfajiri na jembe langu, sijamdhulumu mtu. Choyo nacho ni kukataa kutoa kilicho changu.

Husuda ni jambo jingine. Mtu wa kawaida akiona nyumba ya jirani imeezekwa bati, hutamani naye apate bati. Hasidi hutamani bati la jirani livuje. Yeye mwenyewe aweza kuwa na nyumba nzuri kuliko hiyo. Hilo halimpi raha. Linalomuuma si upungufu wake, bali ni heri ya mwenzake.

Lugha yetu inaiita pia kijicho, yaani jicho dogo, jicho lililokunjwa. Nalo neno hilo linapatana na Maandiko. Tunasoma kwamba tangu siku ile wanawake walipomsifu Daudi kwa nyimbo kuliko walivyomsifu mfalme, Sauli alianza kumtazama Daudi kwa jicho la namna hiyo (1 Samweli 18:9). Na katika mfano wa vibarua wa shamba la mizabibu, mwenye shamba aliwauliza wale wa asubuhi kama jicho lao limeharibika kwa sababu yeye ni mwema (Mathayo 20:15). Husuda huingilia machoni, kisha hushuka moyoni, na mwishowe hufika mikononi.

HADITHI YA ADILI

Wengi wenu mtakikumbuka kitabu cha Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotolewa mwaka 1952. Mwandishi huyo wa Tanga alizaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962. Mtu asione ajabu kwamba naleta hadithi ya majini katika gazeti la kanisa. Askofu Edward Steere, aliyewaleta watu walioachwa huru kutoka utumwani mpaka Masasi mwaka 1876, ndiye yule yule aliyechapisha mwaka 1870 kitabu cha hadithi za Kiswahili alizozikusanya Unguja. Yeye hakudhani kwamba hadithi za wenyeji humwondoa mtu kanisani. Tena Bwana wetu mwenyewe hakufundisha makutano pasipo mifano.

Hadithi yenyewe kwa ufupi ni hii. Adili alikuwa liwali wa mji wa Janibu, chini ya mfalme aliyeitwa Rai. Mchana alikuwa mtawala wa haki. Usiku alikuwa na kazi ya ajabu: aliwatoa manyani wawili, akawapiga kwa kiboko, kisha akawalilia, akawabembeleza na kuwapa chakula. Mtumishi wa mfalme aliyefika mjini aliliona jambo hilo, akampasha bwana wake habari. Adili akaitwa pamoja na manyani wake, akaulizwa. Ndipo aliposema kwamba manyani wale ni ndugu zake wa tumbo moja. Mmoja jina lake Hasidi, na wa pili Mwivu.

Baba yao alipofariki, walirithi pamoja. Hasidi na Mwivu wakaenda kufanya biashara ya safari, wakarudi mikono mitupu. Adili, aliyekuwa amebaki na kuongeza mali yake kwa juhudi, akawapokea, akawavika, akagawana nao alichokuwa nacho. Baadaye wakasafiri wote watatu kwa chombo. Katika safari hiyo Adili alifika kwenye mji ambao watu wake walikuwa wamegeuka mawe, akampata humo Mwelekevu, binti wa mfalme, akatoka naye awe mchumba wake. Nduguze hawakuweza kuivumilia heri hiyo. Usiku, Adili akiwa amelala, walimchukua wakamtupa baharini. Akaokolewa na jini wa kike aitwaye Huria, ambaye Adili alikuwa amemwokoa na adui yake katika safari ile ile. Huria akawageuza wale wawili kuwa manyani, akamwamuru Adili awapige kila usiku.

Mfalme Rai alipoyasikia hayo yote, hakusema, "Wamestahili." Aliwaombea msamaha kwa majini. Msamaha ukatolewa, na wale manyani wakarudi kuwa watu.

Hasidi na Mwivu si wakubwa katika kitabu hiki. Jina la jalada ni la Adili. Wao wametajwa kwa neno moja tu, nduguze. Lakini yafaa tuwatazame wao leo, maana wengi wetu tumekaa mahali pao: si wa kwanza, bali ndugu wa fulani, jirani wa fulani, msaidizi wa fulani. Ni mahali pa heshima kwa mtu anayepakubali. Kwa asiyepakubali ni jiko la moto.

MAMBO MATATU TUNAYOFUNDISHWA

La kwanza. Husuda haiponi kwa kupewa. Watu husema, "Maskini yule ana roho mbaya kwa sababu hana kitu, mpe, atanyamaza." Adili aliwapa nduguze. Aligawana nao mpaka wakawa sawasawa naye. Je, walinyamaza? Kila walipokitazama walichopewa, waliona mkono wa aliyewapa. Sahani waliyolia, nguo waliyovaa, vyote viliwaambia: Adili anaweza, ninyi hamkuweza. Ndivyo ilivyo kwa mtu asiyeshukuru. Zawadi humchoma kuliko tusi. Kwa hiyo sisi tunaosaidia jamaa tusishangae sana tukilipwa maneno. Wala tusiache kusaidia. Lakini tujue kwamba sadaka hujaza tumbo. Moyo una daktari wake mwingine.

La pili. Husuda hutazama karibu. Hasidi na Mwivu hawakumhusudu mfalme Rai, aliyekuwa na nchi nzima. Walimhusudu ndugu yao. Mkulima wa Nachingwea hakosi usingizi kwa ajili ya tajiri wa Ulaya ambaye hajapata kumwona. Hukosa usingizi kwa ajili ya yule waliyeanza naye kupanda mikorosho mwaka mmoja, udongo mmoja, mvua moja, na kilo za mwenzake zikatangulia zake ghalani. Mwalimu humhusudu mwalimu, mwanakwaya humhusudu mwanakwaya, na sisi wazee wa kanisa tusijifanye hatumo.

Nilifundisha miaka mingi, nikawafundisha na walimu, na nimeona jambo hili darasani mara nyingi. Mtoto wa mwisho katika mtihani hucheka akaenda kucheza mpira. Anayelia ni wa pili. Naye halii kwa sababu amepata kidogo, maana amewashinda watoto 40. Analia kwa sababu ya mtoto mmoja. Mwalimu mwenye busara humwita huyo wa pili kando, akazungumza naye, kabla hajaanza kuficha vitabu vya mwenzake.

Mungu ndivyo alivyofanya kwa Kaini. Tunasahau kwamba Mungu alisema naye kabla ya damu kumwagika. Alimwuliza mbona uso wake umekunjamana, akamwonya kwamba dhambi inamvizia mlangoni, naye yampasa aishinde (Mwanzo 4:6-7). Mlango ulikuwa bado umefungwa. Kaini aliufungua mwenyewe.

La tatu. Husuda huvaa nguo ya kuazima. Wahenga walisema, hasidi hana sababu. Ni kweli, lakini mdomoni mwake sababu hazimwishi. Hawezi kusema, "Nakuchukia kwa kuwa umefanikiwa," maana neno hilo lingemwaibisha hata mbele ya watoto. Basi hutafuta jingine. Atasema mwenzake anaringa. Atasema fedha ile si ya halali. Atasema, "Mimi sina neno naye, ila tu hasalimii vizuri." Na zaidi ya yote atavaa hasira. Mtu mwenye husuda hukasirika upesi, kwa jambo dogo, na watu husema ni tabia yake. Sauli alirusha mkuki roho mbaya ilipomjia. Lakini mwandishi ametuonyesha mahali mkuki ule uliponolewa, ni siku ile ya nyimbo za wanawake.

Basi kama unaona siku hizi hasira yako iko karibu sana kila linapotajwa jina la mtu fulani, usiende mbali kutafuta sababu. Kaa chini ujiulize polepole: mtu huyu alinikosea lini? Ukitafuta usione kosa, ila unaona nyumba yake, au shamba lake, au mtoto wake aliyefaulu, umekwisha kuujua ugonjwa wako. Kuujua si aibu. Ndio mwanzo wa kupona.

NANI ANASHIKA KIBOKO?

Hapa nataka tuseme waziwazi jambo linalotuhusu sisi wa sehemu hizi.

Tunajua mambo yanavyokwenda. Maua ya mikorosho yanaharibika kwa ubwiri unga kwa kuwa salfa ilichelewa kupulizwa, au mtoto anashikwa na homa kali, au pikipiki mpya inapata ajali. Badala ya kwenda kwa bwana shamba au zahanati, linaanza kutafutwa jina. Nani alituonea kijicho? Ramli inapigwa. Na jina linalopatikana ni nadra kuwa la mtu mwenye nguvu. Huwa ni la shangazi mjane, au kaka mkubwa ambaye maisha yamemwendea vibaya, au bibi mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka 60. Yawezekana kweli mama yule ana husuda. Yawezekana alisema neno la uchungu siku moja kisimani. Lakini kutoka neno la uchungu mpaka kuitwa mchawi ni safari ndefu, nasi huikata kwa hatua moja. Katika nchi yetu wazee, wengi wao wanawake, wameuawa kwa neno hilo. Na hata pasipo kuuawa, mtu aliyekwisha kuitwa mchawi haalikwi tena arusini, watoto hawatumwi kwake, na kanisani benchi lake hubaki na nafasi pande zote mbili.

Huko ndiko kumgeuza mtu nyani. Tunasema hasidi ni mnyama, kisha tunampiga kila usiku kwa maneno yetu barazani. Nasi tunajiona wenye haki kama Adili.

Lakini kitazameni kitabu. Kiboko kilipigwa usiku baada ya usiku. Hakuna nyani aliyerudi kuwa mtu kwa sababu ya kiboko. Walimu wa umri wangu wanajua kwamba fimbo yaweza kulinyamazisha darasa. Haiwezi kumfanya mtoto afurahie alama za mwenzake. Naye Adili, kwa kuwa moyo wake ulikuwa mwema, alilia kila alipopiga. Alijua kwamba chini ya manyoya yale ni mwana wa mama yake. Je, sisi tunapomsema mtu barazani, tunalia? Au tunaongeza kuni?

Kilichowarudisha wale wawili ni ombi. Mtu mwenye cheo alisimama kwa niaba ya watu wasiostahili, akaomba. Hapo, ndugu zangu, Mkristo hana budi kuacha kitabu cha hadithi na kupiga magoti.

MIISHO MIWILI

Msomaji wa Alfu Lela Ulela ataitambua hadithi ya Adili. Humo yumo Abdallah bin Fadhil wa Basra, pamoja na nduguze wawili Nasir na Mansur, waliogeuzwa mbwa. Nao pia waliombewa na mtawala wao, wakasamehewa, wakarudishwa kuwa watu. Lakini mwisho wa hadithi hiyo ya kale ni wa kuogofya. Ndugu wale hawakubadilika. Husuda iliwarudia, na safari ya pili wakajaribu tena kumwua Abdallah.

Shaaban Robert aliichukua hadithi hiyo akaifanya ya Kiswahili, na mwisho akaubadili. Katika kitabu chake msamaha ulizaa matunda, na damu haikumwagika.

Nimefikiri sana ni mwisho upi ulio wa kweli, nami naona ni yote miwili. Tumewaona watu waliosamehewa wakarudia yale yale. Tumewaona pia ndugu waliokaa miaka bila kusemezana, na leo wanalimiana mashamba. Anayesamehe hajui ameingia katika mwisho upi. Hiyo ndiyo sababu kusamehe ni vigumu, na anayewaambia watu kwamba ni jambo rahisi hajapata kutupwa baharini na ndugu yake.

Lakini Bwana wetu alijua. Marko ametuandikia kwamba Pilato alitambua sababu ya makuhani wakuu kumtoa Yesu: ilikuwa husuda (Marko 15:10). Si sheria, si hekalu, si Kaisari. Hizo zilikuwa nguo za kuazima. Msalaba ulichongwa kwa husuda. Naye aliyetundikwa hakuwageuza wanyama. Aliwaombea Baba awasamehe (Luka 23:34). Hakungoja kwanza aone kama watabadilika.

Na mfano wa mwana mpotevu, tunaoupenda sana, unaishia wapi? Hauishii kwenye karamu. Unaishia nje, gizani, ambako kaka mkubwa amesimama na hasira yake, amekataa kuingia. Alikuwa mtu wa kazi, mwaminifu, hakukosa siku shambani; na ngoma ya ndugu yake ikamchoma. Baba yule, aliyekwisha kutoka mara moja kumkimbilia mwana mdogo, alitoka mara ya pili akamsihi mkubwa (Luka 15:28). Bwana hakutuambia kama kaka aliingia. Ameliacha swali hilo mlangoni, ili kila mmoja wetu alijibu kwa miguu yake.

TUFANYE NINI?

Nisingependa tumalize kwa kusikitika tu. Yako mambo manne ambayo kila mmoja aweza kuyafanya mwezi huu.

Kwanza, kuitaja kwa jina lake. Tunapojiweka tayari kwa Ushirika Mtakatifu tumezoea kuungama hasira, ulevi na uongo. Tuitafute na husuda. Tumwambie Mungu, na ikihitajika tumwambie Padre: "Namhusudu fulani, kwa sababu ya jambo fulani." Husuda ni kama popo, haipendi taa. Ikitajwa kwa jina hupoteza nusu ya nguvu zake.

Pili, kumwombea yule yule. Si kuomba abadilike, bali kuomba azidi. Kama ni mikorosho yake inayokukosesha usingizi, mwombee mikorosho izae. Siku za kwanza midomo itasema peke yake, na moyo utakataa. Endelea. Ni vigumu kuendelea kumwombea mtu mema kila asubuhi na jioni ukafurahi kuanguka kwake. Na ukipata nafasi, msifu mbele za watu kwa jambo ambalo ni la kweli. Neno moja la sifa njema kutoka kinywa cha mwenye husuda ni dawa chungu, nayo hufanya kazi.

Tatu, kwa wale waliobarikiwa. Husuda ni dhambi ya anayehusudu, lakini majivuno huipalilia. Mwenye kuvuna magunia mengi msimu huu asiyatembeze mbele ya mlango wa aliyekosa. Yusufu alikuwa hana hatia juu ya ndoto zake, ila hakuwa na lazima ya kuzisimulia mara mbili mbele ya kaka zake (Mwanzo 37). Na ukimsaidia ndugu, msaidie kimya, bila kumfanya asimame barazani kushukuru. Tena mwombe naye akusaidie kwa kitu anachokiweza. Mtu anayepokea daima hupungukiwa na heshima. Mtu anayeombwa ushauri hukaa wima.

Nne, tukatae ramli na neno la uchawi. Likianza barazani, Mkristo mmoja aseme kwa upole, "Ndugu zangu, twendeni zahanati," au, "Twendeni kwa bwana shamba." Na yule bibi ambaye benchi lake lina nafasi pande mbili, Jumapili ijayo akina mama wa Umoja wa Mama wakakae naye, mmoja kulia na mmoja kushoto. Wakati wa kupeana amani, aanze kupewa yeye.

NAFASI YA PILI

Neno la mwisho ni kwa sisi tulio wa pili.

Katika Injili yumo mtu mmoja ambaye jina lake halitajwi mara nyingi bila kuongezwa maneno "ndugu yake Simoni." Huyo ni Mtakatifu Andrea. Yeye ndiye aliyemfuata Yesu kwanza, kisha akaenda kumtafuta ndugu yake na kumleta (Yohana 1:40-42). Baadaye ndugu yule aliyeletwa akapewa jina jipya, akapewa funguo, akapanda mlimani pamoja na Yakobo na Yohana kuuona utukufu, na Andrea akabaki chini na wengine. Angekuwa na sababu nyingi, kama husuda ingetaka sababu. Lakini kila tunapomkuta tena, anafanya kazi ile ile ya siku ya kwanza. Anamleta mtoto mwenye mikate mitano na samaki wawili. Anawapeleka Wayunani kwa Yesu. Hakuna mahali tunaposoma kwamba alihesabu nani ametangulia.

Wahenga wetu walisema, usisafirie nyota ya mwenzio. Andrea alisafiri kwa nyota yake, nayo ilimfikisha. Hasidi na Mwivu walikuwa na chombo kizuri, mali ya kutosha na ndugu mwema, wakavitupa vyote baharini usiku mmoja kwa sababu nyota ya mwingine iling'aa. Mungu hakuumba mtu awe kivuli cha mtu mwingine. Siku ya hesabu hataniuliza kwa nini sikuwa fulani. Ataniuliza nilifanya nini na kipande changu cha shamba.

Tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, uliyetoka nje mara mbili kwa ajili ya wana wako wawili, utoke na kwa ajili yetu tuliosimama gizani na hasira zetu. Uyafungue macho yetu yaliyokunjwa, tuzione heri za jirani zetu kuwa ni kazi ya mikono yako. Uwaponye wanaohusudu, uwalinde wanaohusudiwa, uwarudishe katika nyumba yako wote tuliowafukuza kwa maneno yetu. Utufundishe kuridhika na mahali ulipotuweka, na kukutumikia hapo kwa furaha. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu, aliyetolewa kwa husuda na kutusamehe kwa upendo. Amina.